Kuruka, Kuanguka, Kushuka, Kutua: Lugha ya Mwavuli na Majeraha Yake

Katika Kiswahili cha kila siku, chombo kinachomteremsha mtu kutoka angani kina majina mawili. Wengine hukiita parachuti, neno lenye asili ya Kifaransa. Wengine hukiita mwavuli, jina lilelile la kifaa cha kujikinga na mvua na jua. Majina yote mawili yamebeba wazo la kinga. Neno la Kifaransa lilitungwa na Louis-Sébastien Lenormand, aliyejirusha kutoka mnarani katika mji wa Montpellier mwezi Desemba 1783. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya kukinga, na ya pili ina maana ya anguko. Miaka 14 baadaye, tarehe 22 Oktoba 1797, André-Jacques Garnerin alijiachia kutoka kwenye puto juu ya jiji la Paris, katika kimo cha takriban mita 1,000, akafika chini akiwa hai, ingawa chombo chake kiliyumba vibaya njia nzima.

Yafaa kueleza kinga hiyo inakinga nini hasa. Mwavuli hauondoi anguko, bali hulipunguza kasi. Mwili bado hukutana na ardhi, na nguvu ya makutano hayo hupita katika kisigino, kifundo cha mguu, goti, nyonga na pingili za uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo, mrukaji aliyefika salama machoni pa watazamaji huenda akafika kwenye chumba cha daktari saa chache baadaye akisema, "Nimeteguka kidogo," au "Kiuno kinaniuma." Maneno hayo ni mepesi, lakini jambo lililo nyuma yake huenda si jepesi. Makala haya yanafafanua maneno yanayotumika katika kuruka kwa mwavuli na maneno ya mgonjwa baada ya kutua, kwa kuwa tafsiri mbaya ya maneno hayo yaweza kumwacha mtu na mfupa wa mgongo uliovunjika bila yeyote kujua.

Nani huruka

Kuna makundi matatu ya warukaji. La kwanza ni askari wa miavuli. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo wana kumbukumbu ya askari hao: walishuka Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, mwezi Novemba 1964, na Kolwezi mwezi Mei 1978. Askari huruka kutoka kimo kifupi, mara nyingi usiku, wakiwa na mizigo mizito, na miavuli yao ya duara haiongozwi kwa urahisi.

Kundi la pili ni wanamichezo, wanaotumia miavuli ya mstatili inayoongozwa kwa kamba mbili za mikononi. La tatu ni abiria wa mara moja, yaani mtalii au mwenyeji anayefungwa kifuani mwa mkufunzi na kuruka pamoja naye, kama ifanyikavyo katika ufuo wa Diani, kusini mwa pwani ya Kenya. Abiria huyu ndiye asiye na mazoezi, na ndiye anayepaswa kuulizwa maswali mengi zaidi kuhusu afya yake kabla ya kupanda ndege.

Kuruka: hewa nyepesi na baridi

Kitenzi "kuruka" kina maana mbili katika Kiswahili: kupaa kama ndege, na kujitupa kwa miguu. Mrukaji hufanya yote mawili. Kwanza hupaa kwa ndege hadi mita 3,000 au 4,000, kimo kinachokaribia kilele cha Mlima Meru chenye mita 4,566. Huko juu, hewa ina oksijeni kwa uwiano uleule wa asilimia 21, lakini kani ya hewa ni takriban asilimia 60 hadi 70 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo oksijeni inayoingia katika damu hupungua. Joto nalo hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000.

Mtu mwenye afya njema huvumilia hali hiyo kwa dakika chache bila shida. Si hivyo kwa kila mtu. Mwenye ugonjwa wa selimundu yumo hatarini, kwa kuwa upungufu wa oksijeni na baridi ni miongoni mwa mambo yanayozifanya chembe nyekundu za damu kujikunja na kuziba mishipa midogo. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, mifupa dhaifu, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kulipia nafasi. Mjamzito asiruke.

Ipo tahadhari nyingine inayowahusu zaidi watu wa ufukweni. Mtu aliyezamia baharini kwa mtungi wa hewa hubaki na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini. Akipanda juu mapema mno, gesi hiyo huweza kutengeneza viputo katika damu na tishu, na kuleta maumivu makali ya viungo au hata kupooza. Ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 24. Likizo inayoweka uzamiaji asubuhi na kuruka alasiri imepangwa vibaya kiafya.

Kuanguka: dakika moja bila kinga

Baada ya kutoka ndegeni, mrukaji wa kimichezo huanguka kwa muda wa takriban dakika moja kabla ya kufungua mwavuli. Akilala kifudifudi hewani, kasi yake hufika karibu kilomita 200 kwa saa, kisha haiongezeki tena, kwa kuwa ukinzani wa hewa hulingana na uzito wake. Katika dakika hiyo tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga haraka, viganja hutoa jasho, na hisia ya maumivu hupungua.

Muuguzi na daktari wanapaswa kulikumbuka jambo hilo la mwisho. Mtu aliyetua sasa hivi huweza kusimama, kucheka na kupigwa picha akiwa na mfupa uliopata ufa. Jibu lake la kwanza, "Niko salama," lipokewe kwa furaha, lakini lisichukuliwe kuwa uchunguzi.

Mabadiliko ya haraka ya kani ya hewa pia hugusa masikio. Mtu mwenye mafua, ambaye mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio umevimba, huweza kupata maumivu makali, kutokwa damu ndani ya sikio, au hata kupasuka kwa ngoma ya sikio. Mafua yanayoonekana ya kawaida ni sababu tosha ya kuahirisha.

Kufunguka na kushuka

Mwavuli unapofunguka, kasi hupungua ghafla katika sekunde chache. Mrukaji huvutwa kwa mikanda ya mabegani na mapajani. Mkao usiofaa wakati huo huweza kuumiza shingo, kuchubua ngozi, au kulitoa bega katika nafasi yake. Mwavuli mkuu ukikataa kufunguka, upo mwavuli wa akiba, na katika michezo hutumika pia kifaa kinachoufungua mwavuli huo chenyewe iwapo mrukaji bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi.

Baada ya hapo neno hubadilika. Mtu haanguki tena, bali anashuka. Wasomaji wengi hudhani kwamba hatari imekwisha mwavuli ukishafunguka. Katika mchezo huu, sehemu kubwa ya ajali mbaya hutokea chini ya miavuli iliyofunguka vizuri, pale mrukaji anapokata kona kali karibu na ardhi na kuipiga kwa kasi.

Kutua: hesabu ya kisigino

Mwavuli wa duara wa kijeshi humfikisha mtu chini kwa kasi ya takriban mita 5 hadi 7 kwa sekunde. Kwa mtu asiyezoea hesabu za fizikia, kasi hiyo ni sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wenye kimo cha mita 1.3 hadi 2.5. Kuruka ukuta wa namna hiyo mara moja, kwa miguu sawa na katika mchanga, huenda kusimdhuru kijana. Kuruka huko gizani, na mzigo mzito, upepo ukimsukuma pembeni, kwenye mawe au visiki, ni jambo jingine.

Ndiyo maana askari hufundishwa namna ya kuanguka baada ya kutua. Miguu na magoti hubanwa pamoja, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Nyayo zikigusa chini, mrukaji hajaribu kusimama, bali huuachia mwili ujiviringishe kwa upande mmoja: nyayo, kando ya mguu wa chini, paja, kalio, kisha upande wa mgongo. Nguvu ambayo ingepita yote katika kisigino kimoja hugawanywa katika sehemu tano za mwili. Abiria anayeruka na mkufunzi huambiwa kinyume chake: ainue miguu juu na kumwacha mkufunzi atue kwanza. Abiria anayesahau na kuitanguliza miguu yake huweza kuvunja kifundo.

Jeraha linaloongoza baada ya kutua ni la kifundo cha mguu. Hufuatiwa na majeraha ya mguu wa chini, goti, kisigino, nyonga, mgongo na kichwa. Kishikizo cha kifundo kinachovaliwa juu ya buti kimethibitika kupunguza majeraha ya kifundo kwa askari.

Maneno manne yanayohitaji kuulizwa zaidi

*Mguu.* Kiswahili cha kawaida hutumia neno hili kwa sehemu yote kuanzia kwenye nyonga hadi vidole. Mgonjwa anayesema, "Nimeumia mguu," hajasema uongo, lakini hajataja mahali. Mhudumu amwombe aelekeze kwa kidole kimoja penye maumivu makali zaidi, kisha apapase mfupa, akianzia mbali na mahali hapo.

*Kuteguka.* Kwa watu wengi, neno hili hujumuisha kano iliyovutika, kano iliyokatika, kiungo kilichotoka mahali pake, na hata mfupa uliopata ufa. Mgonjwa hulitumia kwa kuwa mguu haujapinda. Kutopinda si dalili ya usalama. Kanuni iliyotungwa na madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990 humsaidia mhudumu kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifundo apigwe picha iwapo hakuweza kutembea hatua nne mara baada ya kuumia na hawezi pia anapochunguzwa, au iwapo ana maumivu mfupa unapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya mifupa miwili inayotokeza pande za kifundo, katika sentimita 6 za mwisho. Kanuni hii isitegemewe kwa mtu aliyelewa, asiye na fahamu timamu, au mwenye jeraha jingine linaloyafunika maumivu ya kifundo.

*Kiuno.* Mgonjwa anaposema kiuno kinauma, mara nyingi anaelekeza sehemu ya chini ya mgongo. Ni hapo, na juu kidogo ya hapo, ambapo pingili za kifua hukutana na pingili za kiuno, ambapo nguvu ya kutua huponda mfupa. Maumivu ya kiuno ya mtu aliyeinua gunia jana na ya mtu aliyetua kwa kishindo leo yanaitwa kwa jina moja, lakini hayapaswi kupewa dawa moja na kurudishwa nyumbani.

*Ganzi.* "Mguu umekufa ganzi" huweza kumaanisha kwamba mguu hauhisi, au kwamba hauna nguvu, au yote mawili. Mhudumu aipime hisia kwa kugusa na nguvu kwa kumwomba mgonjwa asukume, kila kimoja peke yake. Ganzi katika sehemu za siri na makalio, mahali ambapo mtu angegusa tandiko la baiskeli, pamoja na kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ni dharura inayohitaji rufaa siku hiyohiyo.

Kisigino kikilia, uchunguzwe mgongo

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Mfupa wa kisigino ukivunjika kwa mtu aliyetua au kuanguka kwa miguu, nguvu iliyouvunja haikuishia hapo. Ilipanda juu. Vitabu vya tiba ya mifupa hutaja kwamba takriban mmoja kati ya kila wagonjwa 10 wa kuvunjika kisigino ana pia mvunjiko wa pingili za mgongo. Maumivu ya kisigino huwa makali mno hata mgonjwa asiusemee mgongo wake. Mhudumu naye, akiona uvimbe na weusi wa damu chini ya nyayo, hutibu anachokiona. Mgonjwa hufungwa plasta ngumu, maarufu kwa jina la hogo, hupewa magongo, na wiki mbili baadaye hurudi akilalamika ganzi.

Utaratibu unaozuia hali hiyo si wa gharama. Kwa kila aliyevunjika kisigino kwa kutua au kuanguka, mgongo upapaswe pingili kwa pingili, kisigino cha pili, magoti na nyonga vichunguzwe, na nguvu na hisia za miguu yote miwili ziandikwe katika faili. Penye maumivu ya mgongo, au penye jeraha la kisigino kali kiasi cha kuyafunika maumivu mengine, ipigwe picha ya mgongo. Katika vituo vyenye siti skani, kipimo hicho huonyesha mivunjiko ambayo eksirei ya kawaida huikosa.

Wanaotua bila mwavuli

Wahudumu wengi wa Afrika Mashariki huenda wasimwone mrukaji wa mwavuli hata mmoja katika maisha yao ya kazi. Lakini humwona mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini, mtoto aliyeteleza kwenye mwembe, na fundi aliyedondoka kutoka jukwaa la ujenzi. Hao nao hutua, na mara nyingi hutua kwa miguu. Anayeanguka kutoka mita 10 hufika chini kwa kasi ya takriban mita 14 kwa sekunde, ambayo ni mara mbili ya mwendo wa askari mwenye mwavuli unaoshuka kwa mita 7. Kasi ikizidishwa mara mbili, nishati ya kishindo huzidi mara nne. Basi tahadhari yote iliyotajwa kwa mrukaji inamhusu mkwezi maradufu.

Kwa wote hao, maswali ni yaleyale. Umeanguka kutoka kimo gani? Uliruka mwenyewe au ulidondoka? Ulitangulia kutua kwa nini: miguu, makalio, mgongo au kichwa? Palikuwa na mchanga, lami au mawe? Ulisimama mwenyewe? Umekojoa tangu wakati huo? Ulipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi? Jibu la swali la tatu huonyesha njia ambayo nguvu ilipita mwilini, na mhudumu huifuata njia hiyo kwa mikono yake.

Kabla ya kufika hospitali

Mtu aliyetua vibaya na kulalamika mgongo, shingo au ganzi asikalishwe wala kusimamishwa ili "ajaribiwe." Asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kwa kuwa mkao huo huukunja mgongo kila tairi linapoingia shimoni. Alazwe chali juu ya ubao au mlango uliong'olewa, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikisogea kwa wakati mmoja, na mmoja wao aamrishe. Mguu uliovimba ufungwe gango kama ulivyo, bila kunyooshwa kwa nguvu. Barafu iliyofungwa kitambaani hupunguza uvimbe.

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua katika siku za mwanzo huongeza uvimbe, na pakiwa na mfupa uliovunjika huweza kuusogeza. Familia inayompeleka mgonjwa kwa mchuaji huwa inatafuta nafuu, na haipaswi kukemewa. Inachohitaji kuelezwa ni utaratibu: picha kwanza, mikono baadaye. Aidha, maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, vidole vilivyopoa au kupauka, au maumivu makali vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, ni ishara za kurudi hospitali mara moja, hata kama hogo limefungwa jana.

Mrukaji aliyefunzwa vyema huhesabu safari yake kuwa imekwisha pale tu anapokunja mwavuli wake. Kwa mhudumu wa afya, safari hiyo haijaisha mpaka mgonjwa aliyesema "nimeteguka kidogo" awe amepapaswa mgongo, ametembea hatua nne mbele yake, na amekojoa bila shida.